Samadari ya Dhamana

Msambweni, 5 Februari 1998

Mume wangu Zahoro,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi na Swafwan tu wazima, ila mafua kidogo. Huko Malindi kifua chako kinaendeleaje? Na hiyo hoteli unayoipikia, wewe nawe unakula?

Nina jambo. Nimeingia kikundi cha akina mama watano, kile cha Bi Kahaso muuza samaki. Shirika linatukopesha pamoja. Mmoja akishindwa kulipa wiki yake, wenzake humlipia, kisha huchukua alichoweka dhamana. Mimi nimepata elfu nane. Nimenunua unga, mafuta na karai kubwa, na kibanda changu cha mahamri pale karibu na hospitali sasa kina meza mbili. Usiniulize habari ya riba. Jemima, afisa wao, anaiita ada, na mwalimu wa madrasa nilipomwuliza alikohoa tu, kisha akataka kujua kama mahamri yameiva.

Swafwan anasema shikamoo.

Mkeo,
Mama Swafwan

Nilisahau: kwenye dhamana nimeandika samadari.

Malindi, 19 Februari 1998

Mke wangu Asiya,

Waalaykum salaam. Kifua kimepona, sasa ni moyo, tangu niusome mstari wako wa mwisho.

Nyumba nzima ina samadari moja, ile aliyoniachia nyanya, Mungu amrehemu. Nilizaliwa juu yake. Kabati lipo, redio ipo, yule mbuzi asiyezaa yupo. Kwa nini kitanda? Nakuomba ulipe kila wiki, hata kama mtakula mahamri asubuhi na jioni.

Mumeo,
Baba Swafwan

Msambweni, 11 Machi 1998

Mume wangu,

Salamu nyingi, na pole ya moyo. Kabati lina mchwa, redio ni ya kakako, na Jemima alimtazama yule mbuzi akafunga kalamu yake.

Ondoa wasiwasi. Tangu nipanue biashara, mahamri mia mbili yanakwisha kabla ya saa tatu. Wauguzi, walinzi, madereva, wote ni wangu. Wengi huniambia, "Mama, andika," nami naandika. Daftari la kwanza limejaa, nimenunua la pili. Watu wananipenda sana.

Mkeo,
Mama Swafwan

Malindi, 2 Juni 1998

Asiya,

Salaam. Hujambo? Nauliza kwa mara ya tatu, maana barua zangu mbili hukuzijibu. Dereva mmoja wa Vanga amepita hapa, akanieleza kwamba Bi Kahaso ameonekana akiingia nyumbani kwangu na msumeno.

Na hao wanaokupenda, wanakulipa?

Mumeo,
Baba Swafwan

Msambweni, 15 Juni 1998

Mume wangu,

Salaam, na unisamehe. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu.

Nilishindwa kulipa wiki tatu. Wenzangu wakanilipia, kisha wakaja kuchukua samadari. Wakaivuta, wakaiinua, wakailaza ubavu. Haikupita mlangoni. Ndipo mjomba wako Randu akatuambia kwamba fundi aliiunda humo humo chumbani, kabla mlango haujawekwa. Bi Kahaso akatoka, akarudi na msumeno. Mimi nikapanda nikalala, nikamwambia, "Kata, lakini uanzie miguuni pangu."

Nililia, Baba Swafwan. Niliona haya mbele ya wanawake wanaoamka alfajiri kama mimi na wanalipa.

Jua lilikuwa kali nao walikuwa wamechoka, wakaketi hapo hapo kitandani. Nikawapa mahamri. Linet muuza mitumba akaniuliza, mahamri mia mbili kwa siku, pesa zinakwenda wapi? Nikamtolea madaftari. Kumbe sikuwa nafanya biashara, nilikuwa nalisha hospitali nzima. Unga wa mkopo, nami nilikuwa naukopesha.

Siku ya mshahara tulisimama langoni mwa hospitali sote watano, Bi Kahaso akisoma majina kwa sauti ile ya kuuzia samaki. Wengi walilipa kabla hajafika kwenye majina ya baba zao. Malipo yangu yote yako sawa sasa. Nauza mahamri mia moja na ishirini tu, kwa pesa taslimu, na unga nanunua wa wiki nzima bila kumwomba mtu.

Mikutano ya kila Jumanne tunafanyia juu ya samadari. Inatutosha sote watano, na Jemima tunamwekea kiti.

Limebaki jina moja. Mtu huyu alichukua mahamri arubaini Januari, ya kula njiani kwenda Malindi na ya kumpa dereva, akasema, "Andika." Bi Kahaso anauliza utalipa lini.

Mkeo,
Mama Swafwan

Malindi, 29 Juni 1998

Mke wangu,

Waalaykum salaam. Pesa za mahamri arubaini zimo humu, na shilingi kumi za Bi Kahaso anunue maji, asije akapoteza sauti. Nimecheka hadi wapishi wenzangu wamekuja kutazama. Lakini ulipolia ningependa niwe karibu.

Nimepata likizo. Nitafika Jumanne tarehe 14 Julai, saa saba mchana, na nitakuwa nimechoka sana. Natamani kulala kitandani kwangu.

Mumeo,
Baba Swafwan

Msambweni, 6 Julai 1998

Mume wangu,

Salaam. Pesa zimefika, jina lako limefutwa. Njoo Jumatano. Jumanne kitanda kina watu.

Mkeo,
Mama Swafwan