Makinga Maji Yaliyofukiwa Jadida

Mdogo wangu Hamadi,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Kila nilipoanza kukuandikia nilikwama kwenye salamu. Sikujua aliyeondoka huulizwaje hali.

Leo nalazimika. Ule uwanja tulioachiwa na baba hapa Jadida, uliouchora na kuupanda uwe bustani ya mtaa mzima, umo hatarini, na mimi ndiye ninayetakiwa kutoa kauli.

Siku ya hitima yako watu walijaa. Majirani, kwa kukupenda, walitaka pawe safi na sawa ili majamvi yatandikwe. Wakafagia majani yote uliyoyalaza chini ya migomba, wakafukia makinga maji uliyoyachimba kukingama mteremko. Nilikuwa ndani na wageni. Nilipotoka, palikuwa pamesawazishwa kama sakafu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuheshimu kwa kuifuta kazi yako.

Mvua ya kwanza ya masika ikateremka moja kwa moja hadi kwa Bi Time, jirani yetu wa chini. Alikuja asubuhi, kanga imelowa: "Mwalimu, marehemu alikuwa akinipa ndizi. Nyinyi mmenipa bahari chumbani!" Nilicheka. Kisha akanipeleka kwake, akanionyesha ufa ukutani; kidole changu kikaingia.

Sasa sheha anapendekeza mtaro wa zege, utakaoyapeleka maji yote bondeni mara moja. Wengi wamekubali. Lakini bondeni nako kuna nyumba, Hamadi. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama mvuani bila mwavuli, ukiyatazama maji yakijaa taratibu na kuzama ardhini. Nikikuita uingie ndani, ulinijibu, "Yaache yapumzike, kaka. Yana haraka gani?"

Tukiyachimba makinga upya, nani ajuaye vipimo? Wewe uliyapima usawa kwa mpira uliojaa maji na kwa jicho lako. Tukikosea, ukuta wa Bi Time utaanguka, na nyuma ya ukuta huo wanalala wajukuu zake. Nikikubali zege, migomba itakauka na watu wa bondeni watafurikiwa. Kila wingu likijikusanya natoka kulitazama, kana kwamba nitaweza kulizuia.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, sheha anataka jibu.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Nikishatoa kauli nitakaa tena hapa nikueleze, hata ikiwa ni ile ambayo ungeikasirikia.

Kaka yako