Ufito Mkavu

Bronka mwanangu,

Kuku hawajambo, na kikapu changu kimewashinda tena wasukaji wote wa Rudnik. Ungewaona walivyonuna!

Mama yako alizoea kunitania, "Mzee, fito zako zinanyumbuka, wewe hunyumbuki."

"Nikinyumbuka, bibi, nani atakubebea viazi?"

Jumanne tulimzika. Aliniomba jambo moja tu: ninyumbuke, nikuite wewe na yule mume niliyekufukuza kwa ajili yake. Nikakaza shingo. Akakata roho akinitazama.

Jana nilianza kusuka kitanda cha mjukuu wangu. Mimi, bingwa, nikasahau kuloweka fito! Zikanikatikia mkononi. Nimeloweka nyingine, zitakaa majini siku nane.

Njooni wote, na mumeo. Kama mtachelewa, nitazidi kuziloweka.

Baba yako mkavu,
Gerwazy