Kikao cha Kamati ya Kompyuta Kuhusu Mablanketi Yaliyorudishwa kutoka Ruiru

KIWANDA CHA MABLANKETI CHA NDULATI, THIKA
Jumatano, 14 Agosti 1996, ofisi ya Meneja Mkuu

Waliohudhuria:
Bw. Mulei – Meneja Mkuu (Mwenyekiti)
Bw. Gathogo – Mkuu wa Idara ya Kompyuta
Bi. Ruqayya Hassan – Mauzo
Bw. Urbanus Maluki – Utawala (Katibu)

Hakualikwa: mtu yeyote wa stoo, ingawa kikao kilihusu stoo.

KUMB. NA. 1/8/96: KUFUNGUA
Kikao kilichoitishwa saa nne kilianza saa nne na dakika arobaini, baada ya kumngoja Bw. Gathogo, aliyeeleza kwamba alikuwa akisoma kitabu cha mashine mpya. Alikuja nacho, kikakaa mezani bila kufunguliwa.

KUMB. NA. 2/8/96: MABLANKETI
Bi. Ruqayya alieleza kwamba shule moja ya bweni ya Ruiru ilirudisha mablanketi mia tatu yenye kasoro. Yote yana uzi mwekundu pembeni, alama ambayo hata mfagiaji wa stoo anajua ni ya rijekti, mali isiyofaa kuuzwa. Kompyuta haijui. Kwake blanketi ni blanketi, na ndiyo iliyochapisha orodha ya kupakia.

Bw. Gathogo alisema kosa ni la karani wa stoo, Bi. Wavinya Kaleli, aliyepakia, na akapendekeza afutwe kazi kabla ya Ijumaa. Bi. Ruqayya alikumbusha kwamba Bi. Wavinya alikataa kupakia, akaonyeshwa barua ya Bw. Gathogo mwenyewe isemayo karatasi ya kompyuta haibishaniwi.

KUMB. NA. 3/8/96: FOMU
Bw. Gathogo alisisitiza kwamba idara yake haikupokea ombi lolote rasmi. Katibu alitumwa kuleta faili. Zilipatikana fomu kumi na moja za Bi. Wavinya, tangu Februari mwaka jana, zote zikiomba programu iwekewe nafasi ya kuandika rijekti. Zote zilipigwa muhuri "Haijakamilika" kwa kukosa nambari ya programu.

Alipoulizwa karani angeipata wapi nambari hiyo, Bw. Gathogo alijibu kwamba imebandikwa ndani ya chumba cha kompyuta. Alipoulizwa kama karani anaruhusiwa kuingia humo, alijibu la. Alipoulizwa yeye ameingia stoo mara ngapi, alijibu kwamba hakuona haja, kwa kuwa ana mchoro wa stoo. Katibu anaandika kama alivyosikia.

KUMB. NA. 4/8/96: UAMUZI
Pendekezo la kumfuta Bi. Wavinya lilikataliwa. Iliamuliwa Bw. Gathogo ahamishie meza yake stoo kwa miezi mitatu, afundishwe kazi na Bi. Wavinya, ndipo aguse programu tena. Bw. Gathogo aliuliza kama huko kuna feni. Mwenyekiti aliagiza Bi. Wavinya aitwe.

KUMB. NA. 5/8/96: BI. WAVINYA
Bi. Wavinya aliitwa akaelezwa uamuzi. Alishukuru, akaweka funguo za stoo mezani, akasema Jumatatu anaanza kazi kwa mfanyabiashara wa jumla kule mtaa wa Landless. Mwenyekiti alimsihi abaki hata mwezi mmoja. Bw. Gathogo naye, kwa sauti ambayo Katibu hajawahi kuisikia kwake, aliuliza, "Sasa mimi nitajuaje mambo ya huko chini, Bi. Wavinya?"

Alijibu: "Nimekaa huko miaka tisa, mlango wazi. Hakuna siku hata mmoja wenu alikuja kuuliza."

Akatoka. Wajumbe wakatawanyika saa sita kasoro dakika tano.

Mwenyekiti: .................... Bw. Mulei

Katibu: .................... U. Maluki