Gari la Kaka Nimelitia Kabureta, na Krismasi Inakaribia

Mpendwa Mama Ndelilio,

Kabla hujasoma mbele nakusihi barua hii usimwonyeshe mtu, hata mhariri wako, na ukiichapa ubadilishe majina yote na la kijiji pia, kwa sababu huku kwetu Kibosho gazeti moja husomwa na vihamba vyote, yaani kila boma na migomba yake, kabla halijafungiwa nyama, na nikijulikana nimekwisha.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya kahawa mjini Moshi, na ninaishi na mama yetu mlimani. Kaka yangu Leodegar, ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba kufariki na sijawahi kumvunjia neno, anafanya kazi Dar es Salaam, na Krismasi iliyopita alituletea gari dogo jeupe la Kijapani ili mama, ambaye ana sukari na kidonda mguuni, asihangaike kwenda kufungwa kidonda hospitali. Alifungua boneti mbele ya majirani akawaambia, "Hii ni EFI, haina kabureta, mafuta yanapimwa na kompyuta," na wazee wakatikisa vichwa kama wako kwenye mahubiri.

Masika yalipofika gari likaanza kuzimika mlimani, na siku moja lilizimika tukiwa na mama chini ya parokia, mvua inanyesha, likakataa kabisa kuwaka, mama akapanda kwa mguu wake huo mbovu ameniegemea, na tulipofika nyumbani akasema, "Silipandi tena. Gari lina kiburi hili." Nilimpigia kaka, akasema fundi yeyote wa mtaani asiliguse, nilifunike turubai nimngoje Desemba, na likichezewa atalirudisha Dar. Nikalifunika. Lakini kidonda hakikungoja Desemba, kilianza kunuka, na kila asubuhi nilipokuwa nafunga tai niende kazini nilimkuta mama akikifunika kwa khanga ili nisikione.

Mwisho nikalivuta hadi Kiboriloni kwa fundi anayeitwa Basili. Alijaribu kontroli boksi, yaani ile kompyuta, kutoka gari bovu, haikukubali, akafuta mikono.

"Mangi, kompyuta ikifa hata uisalie novena. Tulitie kabureta."

"Kaka amekataza."

"Kaka ndiye anampeleka mama hospitali?"

Nikamkabidhi ufunguo. Basili akang'oa mfumo wote wa EFI, akafunga kabureta pamoja na menifoldi na distributa za injini ya zamani ya jamii ileile, akaondoa ile pampu ya ndani ya tangi kwa sababu inasukuma mafuta kwa nguvu mno na kabureta ingefurika, akaweka pampu ndogo. Mara ya kwanza kupanda lilitoa moshi mweusi, kwa kuwa alilipimia mjini na huku juu hewa ni nyepesi, basi akapanda nami hadi uwanja wa kanisa akakaza skrubu ya kupunguza mafuta hapohapo, huku wanakwaya wakimtania kwamba amekuja kuungama na bisibisi.

Sasa Mama Ndelilio, nikwambie ukweli, gari ni zima. Asubuhi za baridi navuta choki, linakohoa kidogo, linawaka. Mama anafungwa kidonda bila kukosa, kimekauka pembeni, na Jumapili anakaa kiti cha mbele amevaa kitenge kipya akiwapungia watu mkono, anasema, "Hili sasa ni gari la nyumbani." Sijawahi kuwa na raha nyumbani kama miezi hii. Ila kaka akipiga simu kuuliza gari namjibu, "Lipo kaka, linakusubiri," wakati kwenye buti limebeba mikungu ya ndizi ya shangazi.

Krismasi anakuja, na najua jambo la kwanza atafungua boneti. Nimefikiri nimpokee stendi na jani la isale, nimkabidhi kabla hajaliona gari, maana wewe ni wa huku unajua, mtu akishapokea isale amesamehe, hawezi kurudi nyuma. Nilikwenda kulichuma mpakani mwa kihamba cha shangazi Mektrida, akanikuta.

"Umeua mtu?"

"Hapana shangazi. Ni kabureta."

Alicheka mpaka akakalia debe. "Chuma, chuma baba. Utakuwa wa kwanza mlima huu kuiombea injini msamaha."

Naomba uniambie, nimpe isale, au Basili arudishe ule mfumo hata kama hauwaki, ionekane gari limekaa vilevile? Vifaa vyote ninavyo kwenye gunia.

Ukitaka kunijibu kwa siri usipige simu ofisini, simu iko mezani kwa mkuu wetu. Sanduku la parokia usilitumie, katekista husoma bahasha kwa sauti. Tuma kwa Basili, nyuma ya soko la Kiboriloni, juu ya bahasha uandike "Spea", atajua ni yangu.

Karani mwenye hofu

*

Karani,

Majina nimebadilisha, na la kijiji pia. Kunywa maji utulie.

Nimefurahi sana kusikia habari za mguu wa mama. Ungekuwa umeliacha gari chini ya turubai huku unakiona kile kidonda, ningekujibu kwa ukali zaidi ya huu.

Habari ya kurudisha mfumo usiowaka ili gari lionekane limekufa vilevile, usiitamke tena. Kijana msomi mzima unataka mama arudi kutembea ili wewe usigombezwe?

Isale sasa, na hapo umenigusa, mimi ni wa Machame. Isale hupelekewa mtu anayejua alichokosewa. Ukimshikisha kaka yako pale stendi, begi begani, hajui lolote, utakuwa umemfunga mikono. Atafungua boneti, atakasirika, na hatakuwa na ruhusa ya kukasirika. Hasira ya namna hiyo hukaa miaka. Mwache akasirike kwanza, isale ingoje. Alikukataza ukafanya, kisha ukamdanganya kila alipouliza. Kwenye kabureta nakutetea. Kwenye simu sikutetei.

Tena una bahati kama hajasikia bado. Watu wa Kibosho wamejaa Dar, na mama yako anapunga mkono kila Jumapili.

Nenda leo kwenye kibanda cha simu, umpigie. Anza na mguu wa mama, halafu kabureta, halafu uongo wako, na usijitetee. Akifoka, sikiliza. Akikata, piga kesho. Mwambie vifaa vyake vyote vipo, akipata kontroli boksi nzima huko aje nayo, fundi ataurudisha ule mfumo yeye akiwepo, maana gari ni lake na uamuzi ni wake. Mwombe jambo moja tu, kwamba gari lisiondoke mlimani mpaka kidonda kipone. Na mama usimtume akusemee.

Akishuka stendi, mpe ufunguo aendeshe yeye, wewe kaa pembeni. Akikuuliza, jibu. Asipouliza, nyamaza. Akishazima injini uani na mama akatoka kwa miguu yake kuja kumpokea, hapo ndipo mzungumze, wote watatu.