Nyanya Zilizoota Ukutani

Kibua, siku ya Mungu, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na Papa. Magoti yako yamepona, ama bado yanakuuma ukipanda mlima? Mimi ni mzima, ila upweke unanimaliza. Mume wangu anashinda shuleni na wanafunzi wake, na lugha ya huku, Kinyanga, naisikia nusunusu. Wakicheka, nami nacheka, sijui tunacheka nini.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa kamyo ya mizigo. Nimesikitika sana kwamba mvua ya mawe imemaliza zile nyanya kubwa za mikunjo alizotuachia marehemu mama yako, na ukuta wa jiko umeanguka na mbegu zake. Unasema nimebaki nazo mimi tu. Basi nisikufiche kitu.

Mbegu ulizonipa nilizibandika ukutani juu ya mafiga, kama ulivyonifundisha, moshi uzikaushe. Kumbe huku desturi hiyo hawaijui. Nilipokuwa shambani, wamama wa kanisa walikuja kunisaidia, wakakandika jiko lote upya. Nilirudi nikakuta ukuta laini, na wao wananitazama wakingoja asante. Nikawashukuru, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia.

Baada ya siku chache mama mkwe akaniita. “Mutoto, kuya uone. Ukuta yako iko inaota majani.”

Udongo mbichi ulikuwa umeziamsha mbegu. Nikamwambia ni nyanya za mama yangu.

“Njo maana ulilia? Sasa juu ya nini haukusema?”

Hakungoja nimweleze sababu. Alichukua kisu, akabandua udongo polepole, mimi nikipokea kwa mikono miwili. Nyingi tulizopandikiza zilikufa. Saba zimeshika, na zina maua. Kila asubuhi yeye ndiye anayezinyunyizia majivu.

Zikiiva utapata mbegu, Mama. Dereva anasema atazifikisha mpaka Sake, uzichukue hapo. Nakuomba ukatae. Mwandikie mume wangu kwamba kwetu mbegu hizi huletwa na aliyezikuza mwenyewe, zikipita mkono mwingine hazioti. Ni uongo, utaungama kwa padri. Lakini mume wangu anakuogopa, hatabisha.

Nisalimie mama yangu wa ubatizo, na shangazi anayeuza maziwa. Kaka anayekusomea barua hii asinicheke.

Miaka miwili sijakuona. Andika upesi, kabla hazijaiva.

Mimi binti yako,
Esperansi