Vibuyu vya Uzi Mweupe

Kiomboi,
8 Desemba 2024

Kwa mjukuu wangu Janeth,

Unisamehe kwa kunyamaza tangu Septemba. Barua zako mbili zilifika, nami nilizisoma kwa shida, kwa sababu nitakayoieleza. Sisi ni wazima. Bibi yako Dorika anamsalimu mke mwenzake, na anauliza kama huko Morogoro mnakula mkashiba.

Nina jambo la kukiri. Mwezi wa Julai ulituachia vibuyu ishirini vya mtama: kumi vya uzi mwekundu, vyenye majivu, na kumi vya uzi mweupe, visivyo na majivu, ili utafiti wako uonyeshe kama majivu huzuia fukusi wanaotoboa nafaka. Kila Jumamosi nilipaswa kutoa punje mia katika kila kibuyu, nihesabu zilizotobolewa, niandike, kisha nitie sahihi kwamba nimeona kwa macho yangu. Sahihi nilitia, na Septemba nikakutumia karatasi. Kuona sikuona. Macho yangu yana ukungu tangu mwaka jana, nami sikumwambia mtu. Aliyehesabu ni bibi yako; mimi niliandika alichotaja.

Vibuyu vyote vilikuwa safi. Nikafurahi, nikatangaza kanisani kwamba mjukuu wangu amegundua kuwa majivu hayana kazi. Jirani yetu Chediel, ambaye alizoea kunicheka kwamba wenzangu wanafuga kuku nami nafuga fukusi, safari hii alisadiki. Alipopura mtama wake hakuchanganya majivu.

Juzi alikuja kutazama vibuyu vyangu, maana magunia yake manne yamekuwa vumbi. Alitia mkono katika kibuyu cha uzi mweupe, akautoa, akanisogezea puani.

"Mwalimu," alisema, "haya nayo ni majivu ya nani?"

Nilimwuliza bibi yako, naye hakuficha. Wiki ya pili aliona fukusi, akavitia majivu vyote. "Chakula nilichokabidhiwa hakiharibikii mikononi mwangu," alisema. "Nawe uliniuliza punje. Majivu hukuuliza."

Asilaumiwe. Sahihi ni yangu.

Babu yako,
Naftali


Morogoro,
2 Januari 2025

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi.

Natumaini mmeuanza mwaka salama. Mimi mwili ni mzima. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ngazini, nikarudi chumbani bila kwenda kula.

Babu, taarifa yangu nimekwisha kuiwasilisha. Dakta Calist, anayesimamia utafiti wangu, aliisifu mbele ya darasa, na anataka isomwe kwa maafisa ugani. Hakuna anayejua ila sisi watatu na Chediel, na Chediel hafiki Morogoro.

Muhula huu tunasoma falsafa ya sayansi. Mwalimu alituuliza: mtafiti akiligundua kosa ambalo hakuna mwingine atakayeligundua, je, kosa hilo lipo? Tulicheka, nikajibu kwa haraka kwamba lipo. Sasa sicheki. Nikisema, huenda nikarudia mwaka mzima. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, tena ulinichapa kwa kuiga hesabu za mwenzangu Elisha. Niambie: nikinyamaza, utanionaje?

Na macho, Babu. Kwa nini hukusema?

Mjukuu wako,
Janeth


Kiomboi,
11 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Janeth,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo, na mvua imenyesha vizuri.

Unauliza nitakuonaje. Mimi niliyenyamaza miezi mitatu sina kiti cha kukuhukumia. Nitakueleza tu yaliyotokea hapa. Nilikwenda kwa Chediel kumwomba radhi, nikampelekea magunia mawili ya mtama wetu. Aliyapokea, akasema kwamba mwaka ujao nikitangaza jambo kanisani, ataomba kwanza aone macho yangu. Watu waliokuwa kwake walicheka, nami nilistahili. Lakini nilipokuwa nikirudi niliwaza: Chediel ni mmoja, nami nilisimama katika kanisa moja. Maafisa ugani wana vijiji vingapi?

Tena nilimfafanulia bibi yako kwa nini vibuyu kumi ni lazima viachwe viliwe na fukusi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza ni elimu gani hiyo inayoomba chakula kioze wakati kuna watu wanaolala na njaa. Nilifundisha miaka thelathini na minne, lakini swali hilo nalituma kwako. Mwulize mwalimu wako wa falsafa.

Siku ya tatu, akichambua mchicha, alisema kwamba ikibidi, vibuyu viwe vidogo, na kila punje iliyotobolewa wapewe kuku wake. Na kuhesabu atahesabu yeye, kwa sahihi yake mwenyewe.

Kuhusu macho: niliona haya. Hospitali wamenipangia kupasuliwa jicho tarehe ishirini na saba.

Babu yako,
Naftali


Morogoro,
3 Februari 2025

Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi.

Natumaini jicho linaendelea vizuri, na bandeji imekwisha kuondolewa. Ikiwa bado, Bibi asome kwa sauti, asiruke mstari.

Nimemwambia Dakta Calist yote, hata la sahihi. Alivua miwani, kisha akaniagiza niiandikie idara barua ya kuiondoa taarifa. Nimeiandika. Swali la Bibi nililipeleka darasani kama lilivyo. Mwalimu alituambia tufunge madaftari, tukazungumza hadi kipindi cha wengine kikatuingilia. Jibu la kuku ndilo wenzangu walilolipenda.

Kikao cha idara ni mwisho wa mwezi. Wanaweza kuniruhusu nirudie jaribio, au kunisimamisha mwaka, sijui. Lolote watakaloamua, mtama ukivunwa tutaanza upya, kwa kuwa mimi mwenyewe bado sijui kama majivu yanafaa.

Ndani ya bahasha mna nyuzi, nyekundu kumi na nyeupe kumi. Nyeupe namwomba Bibi azifunge kwa mkono wake.

Kikao kikishaamua, nitawaandikia siku hiyohiyo.

Mjukuu wenu,
Janeth