Mama Hatakuja Kukisikia Kitabu Chako

Kaka yangu mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" nimeliweka kwa sababu mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba barua huanza hivyo. Usilichukulie zaidi ya hapo.

Kadi yako imefika. Umemwandikia mama kwamba mwezi ujao utakuja Nakuru kusoma kitabu chako kwenye holi ya lokesheni, mtaa wetu, na kwamba amewekewa kiti cha mbele, karibu na wakubwa. Kadi yenyewe nzuri, ina herufi za kung'aa. Nilimsomea mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani nimekosea kusoma. Mama hatakuja. Ningeweza kukujibu kwa mstari huo mmoja nikanyamaza, lakini wewe ulitufanya kichekesho mbele ya nchi nzima, nami nimeamua kukujibu mbele ya hiyo hiyo nchi. Ndiyo maana barua hii nimeipeleka gazetini.

Kitabu nimekisoma chote. Karani wa stesheni, jirani yetu, ndiye aliyekinunua akatuletea mbio mbio. Kwenye jalada uko wewe umeikumbatia maikrofoni, meno yote nje, na chini pameandikwa "Mkongwe wa Vichekesho vya Redio". Mkongwe! Mtu ambaye hata mvi moja hajaota. Naona hiyo ndiyo desturi yenu siku hizi: mtu akishachekesha redioni miaka kumi, watu wakianza kuizoea sauti yake, anakimbilia kuandika kitabu. Nimesoma vingine viwili vya wenzako na vyote vimepikwa chungu kimoja. Dibaji ya mwenyewe kujisifu, mlevi mmoja, mke mkali mmoja, mtu wa shamba aliyeona lifti mara ya kwanza akadhani ni choo, basi, kitabu kimekwisha. Nilidhani wewe utawashinda kwa akili. Umewashinda kwa uvivu.

Maana hata kuandika hukuandika. Ulichukua zile karatasi mlizokuwa mkisoma studio, ukazifunga kwa kamba, ukampa mchapaji. Najuaje? Kwa sababu kila baada ya mzaha bado kuna yale maneno yenu ya kazi: "Pumua hapa, wacheke." Mchapaji kayapiga chapa yote, nawe hukuona hata moja. Mtu amenunua kitabu, amekaa na taa yake, na kitabu kinampa amri ya kupumua. Karani, ambaye unajua anavyopenda kucheka, alisoma kurasa tatu, akageuza kitabu akatazama nyuma, kisha akaniuliza, "Sasa huyu ananiambia nipumue. Kwani mimi nilikuwa nimewacha?"

Hicho ndicho kichekesho pekee nilichokipata humo ndani, na si chako.

Katika dibaji unasema kwamba Mama Porojo, yule mama mpayukaji wa kipindi chako aliyekupa jina na koti jipya, alikujia siku moja ukiwa umekaa peke yako chumbani Nairobi. Eti alikujia kama ndoto. Kaka, hiyo ndoto ilikuwa ikikuamsha kila asubuhi kwa kukuvuta sikio. Ilikuwa inauza uji kwenye lango la landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na wewe ulikuwa umekaa kwenye debe kando yake, unakunywa bure.

Unakumbuka alivyokuwa akigombana na treni? Garimoshi la mizigo likipita likipuliza moshi juu ya sufuria, mama anainuka na mwiko mkononi: "Wee, kelele yote hiyo ya nini? Umebeba nini huko nyuma kushinda mimi?" Wafanyakazi wa reli walikuwa wakicheka mpaka uji unawamwagikia. Mama mwenyewe hakuwa anachekesha. Alikuwa anagomba kweli, uji wake ulikuwa umeingia masizi. Jioni wewe ulikuwa unaigiza ule ugomvi ndani ya nyumba, na mama, aliyeshinda juani amechoka, anacheka mpaka anashika ukuta. Hapo ulikuwa mchekeshaji, kaka. Nakiri hilo, na linaniuma kulikiri. Ulikuwa unamchekesha yeye.

Na unakumbuka alivyokuwa akianza jambo zito? Baba akichelewa, mmoja wetu akiugua, habari mbaya ikitoka nyumbani magharibi, mama alikuwa anasema, "Kaeni kwanza." Sote tulikuwa tunakaa. Hata baba, na ukubwa wake wote, alikuwa anavuta kiti. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mamlaka yake katika nyumba yetu.

Wewe ukayapeleka redioni. Kila kipindi Mama Porojo akawa anaingia kwa "Kaeni kwanza!" na baada yake upuuzi mtupu: kuku amepotea, bwana ameuza blanketi, mtoto amemeza kifungo. Mara ya kwanza tulikisikia pamoja, mama na mimi, chini ya kile kipaza sauti cha redio cha kwenye nguzo, saa kumi na moja jioni, kabla ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, kututawanya. Umati wote uliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, sitajitakasa hapa. Niliwagusa watu mabega nikiwaambia, "Huyo ni kaka yangu, na huyu ndiye mama mwenyewe!" Mama alitabasamu tu. Njiani aliniuliza, "Ndivyo ninavyosema kweli?" Nikamjibu ndivyo, huku bado nacheka. Hakuuliza tena.

Baada ya mwaka mmoja mama hakuweza kusema jambo lolote lokesheni likabaki jambo. Anasema bei ya viazi vya Molo, wanacheka. Anaombea wagonjwa kanisani, vijana wa nyuma wanajiziba midomo. Tulikuandikia. Ulijibu kwamba tujivunie, eti watu wakicheka maana yake wanapenda.

Kisha baba akafa. Sitakusimulia yote, baadhi unayajua kwa simu ya maandishi niliyokupelekea. Baridi ya kazi ya njia ya reli huko juu Molo ilimwingia kifuani, na siku yake ya mwisho hospitalini alikuwa na mama peke yake kando ya kitanda. Alimwachia mama neno la kukupa wewe, kifungua mimba wake. Wewe ulijibu kwamba mnarekodi kipindi na kipindi hakingojei mtu. Hatukuweza kumpeleka baba nyumbani, tukamzika hapa hapa, na majirani wa landhi wakakaa badala ya ukoo.

Unajua kwetu mazishi hayaishi kaburini. Siku ya tatu watu huketi, mjane husimama, husema marehemu aliacha neno gani na lilikuwa la nani. Lisiposemwa, mtu amezikwa nusu. Siku hiyo ya tatu uwanja wetu ulijaa. Mama alisimama na nguo yake nyeusi ya kuazima, akafunga leso vizuri, akawatazama watu wote. Alikuwa na jambo zito kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Akalianza kama alivyoanza mambo mazito maisha yake yote.

"Kaeni kwanza."

Walicheka, kaka. Siwalaumu mmoja mmoja, maana kicheko kiliwatoka kabla hawajajua, na wengine waliinamisha vichwa kwa aibu papo hapo. Mama mmoja alisikika akisema, "Woi, samahani mama, imetutoroka tu." Lakini walicheka, uwanja mzima, wakiwa kwenye matanga ya baba yako. Mama alibaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Alijifunika mdomo kwa leso. Neno la baba likabaki ndani yake, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa ndiyo na hapana.

Hayo yote ningeweza kukusamehe. Hukuwepo, hukuona, na redio ni kitu cha kupita. Lakini mtu fulani alikusimulia habari ya siku ile, nawe ukaona ni mali. Sura ya tisa ya kitabu chako, Mama Porojo anasimama kwenye matanga ya mumewe, anasema "Kaeni kwanza", watu wanamakinika, naye anaanza kulalamika kwamba maharagwe hayakuiva. Pumua hapa, wacheke.

Mama hajui kusoma, hilo unalijua na pengine ulilitegemea. Alikuwa amesikia watu wakinong'ona kisimani, akanitaka nimsomee sura hiyo. Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nilimsomea, neno kwa neno, sikuruka kitu. Alikaa na mikono mapajani mpaka nikafika mwisho. Nilitegemea atalia. Aliniuliza tu, "Na huyo mama wa kitabuni, hana mtoto wa kumtetea?"

Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Nakudharau, kaka. Nimelitafuta neno laini sikulipata. Mwizi wa kuku hungoja wenyewe walale, lakini wewe ulimwibia mama yako mchana, watu wakishangilia. Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama alikufunza, ukaenda kuuuzia ulimwengu mafunzo yake, tena ukasahau kumtaja mwenye mali. Na baada ya hayo yote unampa kiti cha mbele, akae atazame wakubwa wakicheka kilio chake.

Sasa sikiliza habari ambayo hujaisikia kwa mtu yeyote, maana nimewaomba wote wasikuambie.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama aliwaita watu wachache nyumbani. Mzee wa kanisa, karani, na kina mama watatu waliouza naye uji langoni. Safari hii hakuwaambia wakae. Aliwaacha wamesimama mlangoni, wanaume na kofia zao mkononi, akaanza moja kwa moja: siku ile hospitalini, baba alivyogeuka upande, alivyomwita, alichosema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika na mara mbili alilazimika kukohoa. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale kina mama, yule aliyetutaka radhi kwenye matanga, alikuwa analia waziwazi.

Mama alipomaliza, mzee wa kanisa aliuliza kama inavyoulizwa kwetu, "Neno tumelisikia. Mwenyewe ako wapi?"

"Nairobi," mama akasema.

"Aliitwa?"

"Aliitwa matanga, hakukuja. Leo sikumwita."

Mzee akasema, "Basi neno haiwezi kukaa hivyo bila mtu. Nani anashika?"

Mama alinitazama. Unanijua, mimi ni mwoga wa watu, na maisha yangu yote nimesimama nyuma yako. Nilisema, "Mimi nashika." Akaniwekea mkono kichwani mbele yao wote, akanirudishia neno la baba tangu mwanzo hadi mwisho, mimi nikilirudia baada yake ili wasikie kwamba nimelipokea sawa. Ndipo baba akawa amezikwa.

Kwa hiyo usihangaike kuandika tena kumwuliza mama, na mimi usiniulize. Lilikuwa neno fupi na halichekeshi. Lilikuwa lako muda wote huo, kaka, lilikungojea kuliko kipindi chochote. Njoo usome kitabu chako, holi itajaa, na kile kiti cha mbele mpe mtu mwingine.

Kwaheri,

Dada yako mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa.